Pikapu Iliyokuwa Ikibisha Hodi

Kabati hakuwa mtu wa kusikiliza ushauri. Aliitwa Kabati kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhamisha watu nyumba, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mabega ya kabati la milango mitatu. Ukimwambia sofa hili halipiti hapa, atalipitisha, hata kama fremu ya mlango itabaki na kovu. Pikapu aliyokuwa anafanyia kazi aliirithi kwa marehemu baba yake. Dizeli ya zamani, imenyooshwa na kupakwa rangi mpaka hakuna aliyekumbuka ilitoka kiwandani na rangi gani.

Na ilikuwa na kelele. Siyo zile za vijana wanaotaka mtaa mzima ujue wamepita. Hii ilikuwa kelele ya mgonjwa. Ukiiwasha inakohoa. Ukikanyaga mafuta inapiga mluzi. Ukiachia mafuta ili ukate kona, kuna kitu ndani ya sailensa kinagonga: ko, ko, ko. Kama mtu anabisha hodi.

Mama yake alikuwa anaitikia hiyo hodi. Hapo ndipo kisa kilipo.

Macho ya mama yalishazima. Akili nayo ilikuwa inahama polepole, leo imetoa kiti, kesho imetoa meza, na Kabati, ambaye maisha yake yote ni kuhamisha vitu vya watu, hakuwa na la kufanya ila kuangalia nyumba ikibaki tupu. Dada yake, aliyekuwa anakaa na mama na kumwogesha na kumlisha, alishaitwa "binti wa watu" na "nesi" na siku moja "mwizi wa sabuni." Alizoea. Alicheka mbele za watu, akalia jikoni.

Lakini pikapu ikikata kona ya kwao, mama alikuwa anakaa vizuri kitandani, anajifunga kanga yake sawasawa, uso unafunguka. Kabati akiingia tu anakuta ameshanyoosha mkono.

"Karibu. Nimekusikia tangu kona."

Basi. Hayo tu. Anamshika mkono, anamuuliza kama amekula, anamwambia amechoka, apumzike. Kabati alikuwa anatoka pale amenyooka kama mtu aliyebarikiwa. Alimringia mpaka dada yake. "Wewe unamwogesha kila siku anakuita mwizi. Mimi ananijua kwa mlio."

Dada alikuwa anamwangalia tu. "Haya, kaka. Shukuru."

Sasa, pikapu ikaanza kushindwa kazi. Siku moja ilipanda mlima na mzigo wa mteja, ikatoa moshi mweusi kama inachoma matairi, ikasimama, ikaanza kurudi kinyumenyume. Mteja akashuka, akapanda mlima kwa miguu, akafika nyumba mpya kabla ya godoro lake. Habari ikaenea. Watu wakawa wanamuuliza Kabati kama bei ni pamoja na kusukuma.

Akaenda kwa Bomba. Bomba ni fundi wa mabomba ya moshi, jina limetokana na kazi, ingawa yeye husema ni kwa sababu ya sura. Karakana yake iko nyuma ya duka la matairi, ua wa mchanga uliojaa oili, mabomba yamening'inizwa kwenye waya kama nguo za kukausha. Aliingia chini ya gari na tochi, akagonga sailensa kwa spana, akasikiliza, akatoka akitikisa kichwa.

"Kaka, huyu mgonjwa haumwi sehemu moja. Sailensa imeoza, vibati vya ndani vimekatika, vinacheza tu humo na kuziba njia ya moshi. Huku mbele boksi la chujio la hewa limepasuka mfuniko, linavuta vumbi. Sasa wewe mtu nikuzibe pua, halafu nikuzibe na nani hii, utapanda mlima?"

"Siwezi."

"Basi usiilaumu pikapu."

Akampangia vitu chini. Sailensa ya kwanza ya kawaida, kama ile iliyokuja na gari, kimya kabisa. Ya pili ya kunyooka, moshi unapita moja kwa moja bila kuzungushwa, mlio mzito lakini wa heshima, gari linakuwa jepesi. "Au nitoe sailensa kabisa, ubaki na bomba tupu. Ukikamatwa, mimi hunijui."

Kwa upande wa hewa, Kabati alikuwa ameshapenda chujio jekundu la koni, linang'aa kama pambo. Bomba alimpokonya mkononi.

"Acha hiyo. Kila kijana anaitaka hiyo. Ukiiweka wazi hapa pembeni ya injini, inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto haina nguvu. Utapata mluzi, nguvu hupati. Chukua boksi jipya linalofunga vizuri, nikuvutie bomba mpaka huku nyuma ya taa, livute hewa ya baridi ya nje. Haling'ai. Linafanya kazi."

Kabati akasikiliza ushauri, akachukua boksi hilo na ile sailensa ya kunyooka. Mara moja maishani akasikiliza ushauri, na angalia alipofikia.

Pikapu ilitoka pale nyingine kabisa. Mlima uleule iliupanda na mzigo wa kabati, friji na mama mkwe wa mteja juu, haikulalamika. Mlio ulikuwa wa chini, laini, unaousikia kifuani kuliko masikioni. Kabati alizunguka mjini madirisha wazi akitabasamu peke yake kama mtu aliyeoa jana. Mchana akaenda kwa mama, akiwa na hamu ya kumsimulia.

Alikata kona. Hakuna kilichogonga.

Aliingia, akakuta mama amelala ameelekea ukutani. Hakujifunga kanga, hakunyoosha mkono.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiyo nani?"

Kabati akacheka kidogo, akidhani ni utani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Mama akautoa. Hakuutoa kwa hasira. Aliutoa kwa adabu, vile mwanamke anavyoutoa mkono wake kwa mwanaume asiyemjua.

"Binti," akamwita dada, "mpe mgeni kiti. Siyo vizuri kukaa kitandani kwa watu."

"Mama, ni mimi. Nimekuja na gari."

"Namngoja mtu na mimi, atakuja na gari. Lake nalijua." Halafu kwa upole, ule upole wa kumfariji mtoto wa jirani: "Utamkuta mama yako, usijali. Umemtafuta wapi?"

Kabati aliletewa kiti. Akakikalia. Mwanaume mwenye mabega yale, kwenye kiti cha plastiki, anajibu maswali ya mama yake kama mgeni: anatoka wapi, ana watoto, mvua huko kwao zimeanza. Alipoaga, mama alimwambia asante kwa kuja kumwona mtu asiyemjua, Mungu amlipe.

Alirudi karakana akiendesha vibaya.

"Nataka sailensa yangu ya zamani."

Bomba alidhani anatania. "Ile? Waliibeba watu wa chuma chakavu. Saa hizi labda ni nondo kwenye ghorofa la mtu."

"Na boksi?"

"Plastiki iliyopasuka, kaka, nilichomea taka."

Kabati akakaa kwenye tairi, akamweleza. Bomba akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Watu wananiletea magari niyaponye," akasema mwishowe. "Wewe unataka niliambukize."

"Unaweza?"

"Kuharibu kila mtu anaweza. Kuharibu kwa kufanana, sijawahi kujaribu."

Wakaanza. Waliokota sailensa kuukuu kwenye rundo, Bomba akazifunga moja moja. Kabati alimpigia dada simu, dada akaiweka sikioni kwa mama, Bomba akakanyaga mafuta.

"Anasemaje?"

"Anasema nani anakaanga."

Wakafunga nyingine. Dada: "Anasema hilo ni lori." Nyingine. "Anasema nikuambie uache kupiga simu, watu wamelala." Ilikuwa mchana kweupe.

Bomba ndiye aliyesema simu haifai, simu inakula mlio wa chini wote na kubakiza makelele. Kama mama ni wa kusikia, asikie kwa ukuta, kama alivyozoea. Kesho yake wakapakia sailensa zile, spana na mashine ya kuchomelea nyuma ya pikapu, wakaenda kuegesha nje ya dirisha la mama.

Mtaa mzima ulitoka. Jirani wa mbele alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Jamani, mnatengeneza gari au mnalichinja?"

"Shemeji, vumilia," Bomba akamjibu kutoka chini ya gari.

"Ushemeji huo umeanza lini?"

Kabati hakucheka. Alichukua nondo, akaisukuma ndani ya sailensa ile nzuri ya kunyooka, mpya, akaitoboa mbavu za ndani kwa hasira. Bomba akatumbukiza vipande vya bati viwili vikubwa, akavishikiza kidogo ili vitikisike bila kutoka, akafunga. Halafu Kabati akafungua boneti, akachukua bisibisi na kupasua mfuniko wa boksi jipya la hewa pale pale alipokumbuka ufa wa zamani ulikuwa. Akaenda mpaka mwisho wa barabara, akageuza.

Akakanyaga: mluzi. Siyo sawa kabisa, mwembamba kidogo, lakini mluzi. Akaachia mafuta kwenye kona.

Ko, ko. Ko.

Alikuwa hajazima injini dada akatoka nje mbio, mkono mdomoni. "Ameamka. Kaka, amekaa. Anaomba kitana."

Kabati aliingia amejaa oili mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa ameketi, kanga imefungwa, nywele anazichana mwenyewe kwa kitana. Akanyoosha mkono. Kabati akapiga magoti akaupokea, na safari hii haukutolewa. Ulimshika, ukapanda mpaka begani, ukalipapasa bega lile.

"Nimekusikia tangu kona," mama akasema. Halafu akacheka, cheko dogo la kisichana ambalo Kabati hakuwahi kulisikia kwake. "Umechelewa, baba watoto. Nikasema leo ameniacha kweli."

Kabati akageuza kichwa polepole kumwangalia dada yake.

Dada alikuwa ameegemea mlango. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Kabati akanyanyuka kwa kisingizio cha kunawa, akamvuta koridoni.

"Tangu lini?"

"Kaka..."

"Nakuuliza tangu lini ananiita hivyo."

"Hajawahi kukuita hivyo mbele yako. Ukiondoka ndiyo ananiambia. 'Mume wangu amekuja, umemwona? Amekonda.'" Dada alishusha sauti. "Gari ni la baba, kaka. Ule mlio ni wa baba. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki, alikuwa anasimama dirishani kila jioni. Ulidhani anamsikia nani?"

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unaringa. Ulikuwa na furaha. Humu ndani nani mwingine alikuwa na furaha?"

Hapo hakuna wa kulaumiwa, na hilo ni jambo baya, maana mtu akiumia anatafuta wa kumlaumu. Nje Bomba alikuwa anapakia vyuma vyake, anavigusanisha taratibu kama mtu aliye msibani. Kabati alinawa mikono, oili haikutoka. Angeweza kwenda. Angeweza kuifungua ile sailensa, kufunga nyingine nzima, kurudi kwenye milima yake na wateja wake, na kuja hapa kama mgeni wa kupewa kiti. Au angeweza kubaki na gari bovu na kuwa mume wa mama yake kila wiki mpaka mwisho. Mlio wa kumleta yeye mwenyewe, Kabati, mtoto wa mwisho, haukuwepo. Hakuna fundi anayeuza.

Akarudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama akausogelea mkono wake.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mzigo ulikuwa mzito leo?"

"Mzito."

Mama akainamisha uso, anatafuta kitu kwenye vile vyumba vilivyobaki. "Na kijana wetu mdogo? Hukumpitia?"

Kabati aliuangalia mkono ule uliomshika.

"Yule wa mwisho," mama akaendelea, "mwenye mabega. Siku hizi haji kuniona. Sijui nilimkosea nini."

"Hujamkosea," Kabati akasema. "Hujamkosea chochote. Kazi tu."

"Ukimwona usimfokee. Wewe una sauti kubwa, yeye anaogopa, hajui kusema."

"Sitamfokea."

"Mwambie nimemuuliza."

"Nitamwambia."

Mama akaridhika. Akaegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, akafumba macho yasiyoona, na Kabati akakaa bila kusogea, akipumua kidogo kidogo asije akamwamsha.