Masharti ya Tanuri la Egesa

Mastula alimvuta jirani yake Taaka nyuma ya jiko. "Mama Maloba, usiambie mtu. Yule Egesa wa matofali anazika kahawa ya magendo mashimoni. Kila asubuhi anachimba, anafukia. Askari wakinusa, hata sisi tutabebwa."

Taaka alicheka. Kisha, kwa mdomo wake mwepesi, akayapeleka maneno yale kwenye mashine ya kusaga. Miaka ile ya utawala wa askari, neno kama hilo lilitosha kumpoteza mtu, naye alijua.

Kesho yake moyo ulimsuta. Akamfunga mtoto wake Maloba mgongoni, akateremka bondeni Dabani akaone mwenyewe. Alimkuta Egesa amepiga magoti matopeni. Kahawa hakuna. Kila shimo alilochimbia udongo wa matofali amelifukia, akapanda mche.

Uso ulimwaka Taaka. Kabla hajasema neno, lori likasimama. Hamuza, mwenye maduka mjini, akashuka.

"Mzee, matofali yangu yamekauka, kuni nimeleta. Choma leo!"

"Masharti kwanza. Mteja anafukia mashimo yaliyotoa udongo wake, anapanda miti badala ya kuni zake. Ndipo nawasha."

"Ala! Mimi nanunua tofali, si msitu. Umekuwa bwana shamba lini? Tororo kuna wachomaji wengi."

Lori likageuka na kuni zake. Egesa alilitazama mpaka vumbi likatulia. Msimu ule hakuwa na mteja mwingine.

"Baba, kwa nini umemwacha aende?" Taaka akauliza.

"Mkuyu wa kisimani niliukata mimi, mwanangu. Nikauchomea matofali ya watu, kisima kikakauka. Siku hizi nikikuona unapita na mtungi kwenda kuteka mbali, na huyo mtoto mgongoni, najificha nyuma ya tanuri."

Taaka aliinamisha kichwa. "Na mimi nimesema unazika kahawa, baba. Nimesema mbele za watu."

Laiti angemkaripia. Mzee alifuta matope mikononi, akaokota kijiti cha mkuyu kilichoanza kuchipua. Huko kwao mwanamke hapandi mti. Ataambiwa anadai shamba la wanaume.

"Pita kwenye mashine kwanza, uwaambie ulichokiona," akasema akimpa kijiti. "Halafu uje na hiki kisimani. Maji niliyoyakausha yalikuwa yenu, ninyi wanawake mnaoteka. Mimi nitachimba, kupanda, mwanangu, naomba upande wewe."