Salamu Katika Chumba cha Kimya

Juzi nilikuwa katika maktaba ya chuo kimoja huku Kwale, ndani ya chumba cha kusomea kimya, alipoingia nyanya mmoja na mjukuu wake kutoka Vanga. Msichana alikuwa amepata nafasi ya kusoma hapo. Nyanya alikuwa amekuja kupakagua kabla ya kumwacha.

"Asalaam aleikum!" alisema, kama mtu aingiaye nyumba ya watu.

Hakuna aliyejibu. Mkutubi aliweka kidole mdomoni, akaonyesha karatasi ukutani: KIMYA.

"Watu wote hawa, na salamu haijibiwi?" nyanya aliuliza. "Mjukuu wangu, shika begi lako. Hapa sikuachi."

"Nyanya, ni sheria," msichana alinong'ona, karibu alie.

"Sheria ya nani?"

Mwanafunzi wa meza ya mbele aliandika kwa herufi kubwa, akainua karatasi juu ya kichwa: WAALEIKUM SALAAM. SHIKAMOO NYANYA. Jirani yake akamfuata, kisha chumba kizima. Mmoja aliandika KARIBU CHAI. Mimi niliinua daftari langu.

Nyanya alivaa miwani, akapita meza baada ya meza akisoma na kuitikia kwa kichwa, nasi mabega yakitutikisika kwa kicheko tulichokimeza. Mbele ya mkutubi alisimama, akangoja. Mkutubi akatafuta kalamu.

"Haya, weka begi," nyanya alimwambia mjukuu. Mlangoni akageuka: "Marahaba, wanangu!" Nusura madirisha yapasuke.

Naambiwa karatasi ya mkutubi sasa imebandikwa chini ya ile ya KIMYA. Sheria haikufutwa, ila imefunzwa adabu.