Mlango wa Nyuma wa Mzee Tadeo

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Bagara, na kwa miaka kumi na miwili ya kazi hii sijaona mtu anayependa kubonyeza kitufe kama mzee Tadeo. Alipostaafu ukaguzi wa nyama alinunua gari kuukuu lililotumika Japani, na sifa yake kubwa ni mlango wa nyuma unaojifungua wenyewe. Akiwa sokoni anasimama mbali, anabonyeza rimoti, kisha anageuka kutazama nani kaona. Kanunua fungu moja la nyanya, lakini mlango mzima unapanda.

Basi mlango ukagoma. Ukawa unapanda shubiri moja, unalia pi pi pi, unarudi chini. Jumatatu akaniletea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshika mita ya umeme, mwanamke mwenye grisi hadi viwikoni.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya binti yake, Aikande, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Aikande aliomba jambo moja tu: baba amshike mkono waingie pamoja ukumbini. Mzee alikuwa na mpango wake. Angerudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni pa ukumbi, wakwe wakitazama, abonyeze, jiko la gesi la zawadi lionekane. Alinieleza hayo kwa dakika ishirini, na habari ya mkono wa mtoto aliipitia juu juu.

Nikapima betri, nzima. Fyuzi, nzima. Nikautenganisha mlango na mota, nikauinua kwa mkono, nikauachia. Ulishuka kama gunia la mahindi, na sababu ilikuwa mbele ya macho yangu. Mwaka huu mzee aliingiwa na hofu ya wezi wa taa, akamwita mchomeleaji wa kule Mutuka afunike taa za mlango ule kwa wavu wa nondo. Katikati akafunga komeo la chuma na kufuli. Yaani kabla ya kubonyeza rimoti ilibidi kwanza azunguke nyuma afungue kufuli kwa ufunguo, na hilo halikumchekesha hata kidogo.

"Mzee, mota inapima uzito. Mzigo ukizidi inadhani mlango umegonga mtu, inarudi. Tutoe hizi nondo."

"Nondo na umeme wapi na wapi? Hapo kontroli boksi imekufa, binti."

Ubovu rahisi ulimuudhi. Alitaka gari lake liugue ugonjwa wa hadhi. Akapanda basi hadi Arusha kutafuta kontroli boksi mpya, kile kidude kinachoiamuru mota, Alhamisi nikaifunga, mlango ukalia pi pi pi. Ijumaa akashuku rimoti. Sikumbembeleza, maana mtu wa namna hii ukimbembeleza anaamini una mpango wa kuiba taa zake.

Jumamosi saa nane mchana akaniita nyumbani kwake Nakwa. Nilimkuta amevaa suti, amepiga magoti vumbini nyuma ya gari. Familia ilikuwa imeshatangulia ukumbini. Simu ilipolia mara ya kwanza alijibu, "Nakuja." Mara ya nne hakupokea.

"Mzee, nenda tu. Jiko watalishusha vijana wawili, halina shida."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Tukafungua boksi, tukarudisha ile ya zamani, tukapima nyaya nilizokwisha kuzipima Jumatatu. Saa kumi na nusu ndipo aliponyoosha mikono.

"Haya, kata."

Nikakata kwa grainda, nondo zikaanguka moja moja, na komeo likafuata. Mlango ukapanda hadi juu, taratibu, bila mlio. Akabonyeza, ukashuka. Akabonyeza, ukapanda. Nilimdharau wakati ule kuliko siku zote za wiki, na nikamwonea huruma pia, jambo lililozidi kuniudhi.

Simu ikalia. Mikono yake ilikuwa na vumbi, akaiweka spika juu ya boneti. Nyuma ya sauti ya Aikande kulikuwa na muziki na vigelegele.

"Baba, tumeshaingia. Mjomba Felix ndiye aliyenishika mkono. Usikimbize gari."

Akakata. Mzee alisimama akiitazama simu hadi ikazimika kioo.

"Naisimoi," akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu. "Hebu simama pale getini. Jifanye mkwe."

Nikaenda nikasimama. Akabonyeza.