Birika la Marehemu na Wifi Asiyetulia

"Wifi! Birika langu liko wapi?"

"Liko jikoni. Kwani ulitaka likae sebuleni litazame televisheni?"

Mkataji aliweka penseli chini, akaanza kuhesabu mpaka kumi asije akatoa neno la kujutia. Alifika sita. Hii ilikuwa mara ya tatu birika kuchukuliwa asubuhi hiyo, na mchoro wake ulikuwa na mkono wa birika na nusu ya mdomo, basi.

Si kwamba alikuwa mchoraji. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukata sare za shule, na mkasi ulimtii kuliko wanawe. Ila tangu mama yake mzazi afariki, mkono ulimtetemeka na akili ikawa inamtoroka. Wiki iliyopita alikata mikono arobaini ya mashati bila kugeuza kitambaa. Yote ya kushoto! Mkuu wa karakana akamwambia apumzike hadi Jumatatu. Akirudi vilevile, atahamishiwa kwenye kushona vifungo.

Penseli alipewa na muuguzi wa kliniki. "Kila wiki njoo tuzungumze. Nyumbani chora kitu kimoja, robo saa kwa siku. Usifute. Hatutafuti uzuri, tunaitafutia akili mahali pa kukaa."

Akachagua birika la marehemu, lenye masizi ubavuni. Mwanzoni hata kulitazama kwa muda mrefu hakuweza. Siku ya tano, akilifuata polepole kwa penseli, kifua kililegea kidogo. Tatizo lilikuwa wifi yake, dada wa mume, aliyeishi nao na kunywa chai kama anazima moto tumboni.

"Haya, hili hapa," wifi alirudi akitabasamu. "Tena nimekusugulia. Ona linavyong'aa! Lilikuwa linatutia aibu."

Masizi yote yalikuwa yamekwenda na maji.

"Nani alikutuma? Hayo yalikuwa masizi ya mama!"

"Siku hizi masizi nayo yana wenyewe?"

Mkataji akanyakua penseli kabla mtaa mzima haujamsikia. Akachora kwa hasira. Masizi hayakuwepo tena, lakini alikuwa ameyatazama siku tano. Alijua yanapoanzia, yanapopanuka, yanapokatika karibu na kifuniko. Akayarudisha yote karatasini. Alipogeuka, wifi alikuwa amesimama nyuma yake, kimya, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulishuhudia.

"Wifi, mbona mkono hautetemeki?"

"Nimekasirika. Usinisemeshe."

Jumatatu, karakanani, alikikunja kitambaa, akakagua, akakata mikono arobaini: ishirini ya kulia, ishirini ya kushoto. Mchana mkono ulitetemeka tena kidogo. Akauacha utulie, akaendelea. Mkuu hakutaja vifungo.

Nyumbani alikuta birika mezani, na chini yake karatasi yenye mwandiko wa wifi: MARUFUKU KUGUSA. Mwenyewe alikuwa jikoni akinung'unika.

"Chai ya sufuria hii, mweh! Haya, chora umalize, watu tunywe chai ya maana!"