Mwisho Aliousoma Baba Mkwe

Mtihani wa fasihi wa kidato cha sita nilikuwa nimeshaufeli mara mbili, na mara zote mbili nilijua nilipoangukia: sehemu ya tamthilia. Riwaya naziweza, ushairi nabahatisha, lakini nikifika kwenye tanzia na istilahi zake kichwa kinakuwa uji. Kinaya, mgeuko, utambuzi, utakaso. Maana zake nilizikariri zote, ila nikiambiwa nizionyeshe ndani ya kitabu nakodoa macho tu. Chuo cha ualimu kilishaniambia waziwazi kwamba bila kufaulu somo lile nisijisumbue kuomba tena. Mara ya tatu nilijiandikisha nikiwa tayari mke wa mtu, huku Mwaya, na moyoni nilijua ya nne haitakuwepo. Mume wangu ni mvumilivu, ila hata yeye alishaanza kuniuliza kama kufundisha ni lazima.

Tamthilia iliyopangwa ilikuwa ya kale, ya nchi za mbali, iliyotafsiriwa zamani na isiyochapishwa tena. Mjini Kyela niliitafuta mpaka kwa wauza vitabu vya mitumba, wapi. Na kumbe nakala moja ilikuwa hatua ishirini tu kutoka jikoni kwangu, kwenye kabati la baba mkwe, mwalimu mstaafu aliyeifundisha miaka mingi.

Hatua ishirini, lakini kwangu ilikuwa sawa na kuvuka ziwa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameacha, na mchungaji ameshasema kanisani kwamba si dhambi kusalimiana, lakini mzee yule, pamoja na uzee wake wa kanisa, hakutaka kusikia. Akiingia uani anakohoa, nami najificha. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Sili naye, siongei naye, na kitu cha mkononi mwake hakiji mkononi mwangu. Mume wangu aliomba akipige kitabu picha kwa simu, akajibiwa kwamba kitabu kinafundishwa, hakipigwi picha. Nilikasirika nikalia.

Aliyepata njia ni mama mkwe. Alasiri moja alihamishia kiti cha mzee nyuma ya jiko langu la mianzi, karibu na mikeka ya kuanikia kokoa, akaketi chini na ungo wake wa mchele. Mimi ndani, mzee nje, ukuta katikati. Rasmi, mzee alikuwa anamfundisha mke wake.

"Mwanafunzi," alisema kwa sauti ya darasani, "tanzia ni nini?"

"Nitajuaje mimi?" akajibu mama, anachambua mchele.

Mimi nilikuwa najua! Nilikuwa nimeshika kalamu, jibu liko mdomoni, na siwezi hata kukohoa. Mzee akalijibu mwenyewe, akaendelea. Hivyo ndivyo nilivyosoma, miezi mitatu. Kila swali langu lilibidi lipitie kwa mama mkwe baada ya kipindi, akalipeleke, alete jibu. Sijui kama umewahi kuuliza tofauti ya mgeuko na kilele kupitia kwa mtu ambaye njiani anakutana na kuku ndani ya mpunga. Nilimtuma aulize kama mfalme alikuwa na haki ya kuapa, akarudi na habari kwamba mzee anataka chai.

Lakini alikuwa mwalimu, hilo simnyimi. Alisoma kila mhusika kwa sauti yake. Hadithi yenyewe ni ya mfalme ambaye wakati wa njaa anaapa mbele ya watu kwamba atakayefungua ghala la mbegu atawekwa kwenye mtumbwi usio na kasia na kusukumwa majini. Anayelifungua ni mwanawe wa kwanza, ili kulisha watoto wa watu. Mfalme hajui. Anazidi kulaani, huku sisi tunaosoma tunajua ni nani anayelaaniwa. Hicho, akasema mzee, ndicho kinaya cha kidrama: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Kwa mara ya kwanza nililielewa neno lile, nikaliandika na kulipigia mstari.

Tulipofika mwisho alisoma harakaharaka. Mfalme anasimama ufukweni, anajuta, anafuta kiapo, mtumbwi unavutwa kurudi nchi kavu, watu wanashangilia. Akafunga kitabu, akaondoka bila kuuliza swali hata moja.

Mimi nilibaki na daftari. Tanzia gani hii inayoishia kwenye vigelegele? Nikamtuma mama mkwe: muulize baba kama kweli ndivyo kitabu kinavyoisha. Alikwenda, akakawia, akarudi.

"Amesema andika hivyohivyo."

Nikaandika hivyohivyo. Ningefanya nini? Ningeenda kumgongea mlango?

Wiki mbili kabla ya mtihani nilikwenda mjini kwenye kundi letu la majadiliano, sisi watahiniwa wa kujitegemea. Nilijitolea kueleza mwisho wa tamthilia, kwa kujiamini kabisa, maana nilikuwa nimefundishwa na mwalimu mzima. Nilipofika kwenye vigelegele walianza kucheka. Mmoja wao alikuwa amepata nakala ya fotokopi kutoka Mbeya.

"Dada yangu," aliniambia, "hiyo umeitunga wewe." Akanionyesha ukurasa wa mwisho. Mtumbwi haurudi. Mfalme hafuti kiapo. Kijana anazama baba yake akitazama.

Nilirudi nyumbani na hasira. Miezi mitatu! Nilimkuta mzee amekaa palepale karibu na kokoa, nikamjua kwa kikohozi chake, nikaingia jikoni. Kumsemesha siruhusiwi. Basi nikaongea na sufuria.

"Wewe sufuria," nilisema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia, "kama hukutaka kunipikia si ungesema? Umenidanganya mpaka nimechekwa mbele za watu! Umenipa mwisho wa uongo! Mwalimu gani anamdanganya mwanafunzi wake?" Nikaibamiza chini, mfuniko ukabiringika mpaka uani.

Nje kiti kikasogezwa, nyayo zikaondoka polepole.

Asubuhi mama mkwe alikuja, akaketi mlangoni, akauokota ule mfuniko na kuupangusa kwa kanga.

"Swali lako la siku ile sikulipeleka," alisema. "Lile jibu nililitunga mimi."

Ndipo akanieleza. Kwamba shemeji yangu mkubwa alizama ziwani nilikuwa najua. Nisichojua ni kwamba walikuwa wameazima mtumbwi kwa mtu wa Itungi, na mzee alikuwa amemwahidi mwenye mtumbwi kuwa utarudi siku ileile. Upepo wa mwera ukaanza kuvuma. Kijana akasema baba, tungoje kesho. Mzee akasema nimeshatoa neno langu. Kijana akaondoka kuurudisha. Mtumbwi ulipatikana wiki ile, yeye hakupatikana. Tangu hapo, kila alipoifundisha tamthilia ile shuleni, ukurasa wa mwisho alimpa mwanafunzi asome, yeye anatoka nje.

"Nyumba nzima inajua," alisema mama. "Wewe ni wa juzi. Hakuna aliyekumbuka kukuambia."

Nilitamani ardhi inimeze. Na bado, nisiseme uongo, hasira haikuisha. Alikuwa na huzuni yake, sawa, lakini mtihani ulikuwa wangu. Wangeweza kuniambia. Mambo haya mawili yalinikaa kifuani kwa pamoja na sikujua niyafanye nini.

Alasiri kiti kilirudi nyuma ya jiko. Mzee alikohoa. Alifungua kitabu akasoma ukurasa wa mwisho, wote, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuruka neno. Mara mbili alinyamaza nikadhani ameshindwa, kisha akaendelea. Sikuweza kuandika kitu. Alipomaliza akavuta pumzi, akauliza kama kawaida:

"Mwanafunzi. Dosari ya mfalme ni ipi?"

Jibu la kwenye notisi ni kiburi. Kila notisi nchi hii imeandika kiburi. Nilimngoja mama aseme nitajuaje mimi ili mzee ajijibu mwenyewe. Nikasikia ungo unawekwa chini.

"Hakuwa na kiburi," alisema mama. "Alikuwa ameahidi mtu."

Baadaye sana mzee akasema, "Ndaga," asante ya kwetu, akafunga kitabu.

Chumba cha mtihani kilikuwa na joto kama tanuri. Nilipogeuza karatasi, swali lilikuwa palepale: bainisha dosari ya mhusika mkuu na ueleze jinsi inavyomwangusha. Niliwaza nyuma ya jiko, nikawaza msahihishaji na mwongozo wake, nikawaza barua ya chuo. Nikaandika kiburi. Kurasa mbili nzima nilimsimanga yule baba kwa kiburi chake, hoja baada ya hoja, na kila hoja ilikuwa na mfano wake.

Nikafaulu. Siku matokeo yalipotoka mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaja jikoni, ametumwa.

"Baba anauliza," alisema, "lile swali la dosari lilitoka?"

"Lilitoka."

"Anauliza uliandika nini."

Nje ya ukuta nilisikia kiti kikilia kidogo, kama cha mtu aliyeinama ili asikie vizuri.

"Mwambie niliandika jibu lako, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Safari hiyo hakukutana na kuku, hakutunga kitu. Alizunguka ukuta, akamfikishia neno kwa neno.