Nani Anamjua Huyu?

Jumapili ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Kule Nunguni asubuhi za Julai zina baridi, na mabati ya kanisa letu yalikuwa yakitudondoshea matone vichwani ingawa mvua haikunyesha. Nilikuwa kijana wa mgongo imara, nikipakia viazi na kabichi kwenye malori siku za soko. Siku hiyo nilisimama mbele ya waumini, nikingoja kuhojiwa kabla ya ubatizo.

Niseme kwanza nilivyofika hapo. Shule niliiacha mapema kwa sababu miguu yangu haikutaka kukaa. Nilitoka kwetu Kasikeu nikazunguka kutafuta vibarua, nikafika Kitui, nikafika Mwingi, nikarudi upande wa Makueni. Lakini kichwa kilikuwa na njaa. Popote nilipokuta darasa la ubatizo niliingia, maana ilikuwa shule isiyouliza cheti. Kila mahali nilianza na somo la uumbaji, na kabla hatujafika kwa Musa nilikuwa nimepanda lori lingine. Nunguni ndipo nilipokaa hadi somo la mwisho.

Mwalimu wetu aliitwa Kioko, fundi cherehani, mtu mvumilivu sana. Nilimuuliza Kaini alimpata wapi mke. Nilimuuliza, kama yule mwizi msalabani aliingia peponi bila kubatizwa, sisi tunakimbilia nini. Kioko alicheka, akasema, "Wewe Mutua, ukifika mbinguni utamchosha Petro pale mlangoni." Darasa zima likacheka, nami nikaona nimesifiwa.

Somo likiisha, wengine walibaki. Jumapili, baada ya ibada, kuku na mayai na miwa iliyoletwa kama sadaka ilinadiwa pale nje, na watu walikaa wakitaniana mpaka njaa iwafukuze. Alhamisi walikwenda nyumbani kwa mmoja wao, wakampukuchulia mahindi kwanza, kisha wakaomba na kunywa uji. Mimi sikwenda. Niliona hayo ni mambo ya mahindi, hakuna somo pale. Nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya duka nikasoma Biblia. Niliwasikia wakiimba ng'ambo ya bonde, mwanangu, nikafunga dirisha ili nisome vizuri.

Basi, siku ya kuhojiwa, Mzee Nzioka, kiongozi wa wazee wa kanisa, aliuliza nami nikajibu yote. Likabaki swali moja ambalo halikuwa langu kujibu, desturi ya kanisa lile. Mzee aliwageukia waumini, akasema, "Nani anamjua huyu? Asimame atuambie."

Kwa wenzangu walikuwa wamesimama shangazi na majirani. Kwangu watu walitazamana. Kijana mmoja huko nyuma akasema, "Tunamjua kwa maswali," wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyesimama. Nimewahi kulala peke yangu juu ya lori bovu katikati ya Tsavo, nikisikia wanyama tu. Huko sikuwa mpweke kama nilivyokuwa mbele ya benchi zile zilizojaa.

Mzee Nzioka aliniita nje. Hakupandisha sauti.

"Umejibu kuliko wote," aliniambia. "Mengine hata mimi nilikuwa nimeyasahau. Nilitaka kusimama kwa ajili yako, nikajiuliza, nitasema nini?"

Nilimwambia anajua ninapokaa na kazi ninayofanya.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko Kasikeu."

"Hilo nalisikia leo. Mwaka mzima umetuuliza habari za Kaini. Habari zetu hujauliza, hata nani amefiwa." Akanishika bega. "Ngoja ubatizo ujao. Alhamisi njoo kwangu, kuna mahindi."

Nikasema nitakuja. Jumatano kulikuwa na lori la kabichi likishuka Mtito Andei, nami nilikuwa juu yake.

Huko nilikaa miaka mingi, nikiosha malori na kulinda mizigo. Kanisani nilikwenda kila Jumapili, nikakaa benchi la nyuma, nikasikiliza kila neno, na baraka ikitolewa nilikuwa tayari barabarani. Siku ya Meza ya Bwana mkate ulinipita, kwa kuwa sikuwa nimebatizwa, na aliyeubeba hakuniuliza kwa nini. Kisha malaria ikanilaza. Mwenye nyumba ya wageni niliyokaa, Bwana Salim, Mwislamu wa kutoka pwani, aliniletea chai ya tangawizi akaniuliza, "Pale kanisani kwako nikuitie nani?"

Nilitafuta jina moja, mwanangu. Nikageukia ukuta.

"Basi nitakaa mimi," akasema, akavuta kigoda akakaa.

Nilipopata nguvu za kupanda gari nilirudi Nunguni. Mzee Nzioka alikuwa ameshazikwa. Mjane wake, Mama Mwende, hakunikumbuka, lakini ilikuwa Alhamisi na mahindi yalikuwa uani, akanionyesha pa kukaa. Nilipukuchua nyumba hata nyumba mpaka vidole vikaota sugu. Nilibatizwa pamoja na watoto wasiofika begani pangu. Swali lilipoulizwa, Mama Mwende alisimama akasema, "Namjua. Ni mbishi, anamaliza sukari za watu, na Mwende alipolazwa yeye ndiye aliyelala kwenye sakafu ya hospitali pamoja nami." Kanisa likacheka sana. Nami nililia, kwa kuwa Mzee Nzioka, niliyetaka asikie kwamba sasa najulikana, hakuwepo.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Uliza maswali yako yote, usimwogope anayekucheka. Mungu hachoki kuulizwa. Lakini imani haifundishwi darasani peke yake. Baada ya "Amina," baki. Jifunze majina ya walioketi karibu nawe, na nani anaumwa nyumbani kwao. Ukiitwa kwenye uji, nenda, hata kama una kitabu kizuri.

Na nyinyi mlioketi hapa nasi, mnaofundisha vijana, niwaambie bila kuwakosea heshima. Mimi sikuwauliza habari zao, lakini kanisa nalo halikuniuliza zangu mwaka mzima. Msingoje siku ya kuhojiwa ndipo mtafute anayemjua kijana. Mtu akipenda kukaa nyuma, mmoja wenu akakae naye.

Mungu akuwekee watu, mwanangu. Siku ya ugonjwa wako usikose jina la kutaja, na mwingine akiugua, la kwako liwe la kwanza kumjia mdomoni. Akulinde popote utakapokwenda, na akupe moyo wa kubaki.