Barua Iliyoingia Sanduku la Jirani

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Maua, Postamasta alinipeleka nyuma ya masanduku ya barua. Kwa mbele kila sanduku lina mlango na kufuli ya mwenyewe. Kwa nyuma yako wazi, na hapo ndipo karani anaingizia barua. Akaniinulia kidole.

"Barua ikishaingia humo si yetu tena. Ukiitoa bila mimi kuandika daftarini, umeiba. Tumeelewana, msichana?"

"Ndiyo, bwana."

Nyinyi watu wa simu hamwezi kuujua woga ule. Kugonga muhuri wa tarehe, kupima vifurushi, hayo yalikuwa rahisi. Kuchambua barua, yaani kuzigawa kwa nambari za masanduku, ndiko kulikoninyima raha. Kosa la kwanza, onyo. La pili, unaenda nyumbani. La kwanza nilikuwa nimeshalifanya.

Baadaye nikahamishiwa posta ndogo huko juu, kwa wakulima wa viazi. Kila asubuhi Kawira, msichana aliyemaliza shule, alisimama kaunta akingoja barua ya chuo cha uuguzi.

"Mama Posta, wameniita?"

"Bado, mwanangu."

Siku moja nikaiona. Ilikuwa ndani ya sanduku la jirani yao, mchuuzi wa viazi aliyefika posta mara moja kwa mwezi. Mkono wangu ndio ulioiweka. Woi! Postamasta wa huko angeitoa kwa dakika moja, lakini mimi ningefutwa, na nyumbani nilikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi. Kawira akauliza tena. Nikamjibu, "Bado."

Mchuuzi aliirudisha siku nne baada ya chuo kufunguliwa. "Karani, hii si yangu." Nikaitia ndani ya sweta. Nikaificha ndani ya Biblia, mahali mume wangu hakuwahi kufungua.

Nilistaafia Embu. Wakanipa cheti cha uaminifu, eti uaminifu! Watu wakipiga makofi, mimi nilitazama mlango nikiogopa Kawira ataingia.

Wiki iliyopita aliingia, nyumbani kwangu, na ndoo ya viazi.

"Mama Posta, msichana wangu ameitwa uuguzi! Barua imekuja kwa simu." Akacheka. "Mimi sikuitwa, lakini Mungu hakunisahau."

Nikachukua Biblia. Nikaitoa ile barua. Bahasha ilikuwa imeshageuka manjano.

"Keti, Kawira," nikamwambia. "Uliitwa."